Dodoma Inajazwa na Nani?

Shikamooni wazee wangu, nanyi wadogo zangu hamjambo. Ninazungumza nanyi kutoka London, lakini leo hoja yangu ni Dodoma, ambako kila ninayempigia simu hulalamikia bei ya viwanja.

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na watu 410,956. Ile ya 2022 ikalikuta jiji likiwa na watu 765,179. Katika kipindi hicho idadi ya Watanzania wote iliongezeka kwa takriban asilimia 37. Lau jiji lingekua kwa kasi hiyo ya taifa, lisingefikisha hata watu 570,000, na hao karibu 200,000 waliozidi siamini kwamba wanatokana na uzazi wa wenyeji peke yao.

Wengi hutaja watumishi wa wizara waliohamia baada ya tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016 la kuhamishia Serikali Dodoma, ingawa uamuzi wenyewe ni wa 1973. Ni kweli, ila hesabu haiishii Mtumba, kwenye Mji wa Serikali wenye ofisi za wizara. Mtumishi huhitaji nyumba, fundi hutoka Kondoa au Singida kuja kuijenga, mama lishe humfuata fundi, na bodaboda huwafuata wote. Isitoshe, wahamiaji wengi ni vijana, na vijana huoa, huolewa na kuzaa. Hata kama kesho asingehamia mtu mwingine, madarasa ya Nzuguni na Ihumwa yangeendelea kujaa kwa miaka mingi.

Huku London mambo ni tofauti kidogo: kwa miaka mingi wanaohamia sehemu nyingine za Uingereza wamewazidi wanaotoka huko kuja jijini, na pengo huzibwa na watoto wanaozaliwa pamoja na wageni kutoka nje, nami nikiwamo.

Dar es Salaam nayo ilikua kwa asilimia 2.1 tu kwa mwaka kati ya sensa hizo mbili, chini ya wastani wa taifa wa 3.2, na wapo waliosema kuwa imechoka. Nawaomba watazame Mkoa wa Pwani, uliopanda kutoka watu milioni 1.1 hadi milioni 2.0. Wengi wamevuka mpaka wakajenga Kibaha na Mkuranga, na alfajiri hupanda daladala kurudi Dar kazini. Kwa hiyo sensa ijayo itakapotangazwa, nitaanza kusoma takwimu za Chamwino na Bahi, wilaya zinazopakana na Dodoma, ndipo nifungue za jiji.