Siku ya 9

Ndugu wazazi, wanaonifahamu wanajua nitaanza na siku ya 9 tangu mtoto apakwe dawa ya chawa, na sitaiacha upesi. Mtoto amekutwa na chawa. Mzazi amenunua permethrini ya asilimia 1, dawa ya kuua chawa, amempaka, amengoja dakika 10, amesuuza. Wiki mbili baadaye mtoto anajikuna tena, na mzazi yuko mbele ya mfamasia kwa hasira: dawa yenu feki!

Si feki. Permethrini huua chawa anayetembea, lakini yai lililogandamana na unywele mara nyingi hunusurika. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, na chawa mchanga huhitaji siku nyingine 9 hadi 12 kabla ya kutaga. Ukipaka tena siku ya 9 unawakuta wengi wameshatoka na hakuna aliyetaga. Ukirudia kesho yake umewahi mno. Ukingoja mwezi umechelewa, maana jike mmoja anaweza kutaga mayai 8 kwa siku. Basi dawa ya mara ya pili inunuliwe pamoja na ya kwanza, na tarehe iandikwe ukutani, siyo kichwani mwa mama peke yake!

Mtasema: mimi nilirudia, na bado wapo. Swali la haki. Sehemu nyingi duniani chawa wamekuwa sugu kwa permethrini. Msizidishe kipimo, msimlaze mtoto nayo usiku kucha. Ulizieni dimethikoni, mafuta ya silikoni yanayomfunika na kumziba chawa; usugu wake kwa permethrini haumwokoi hapo. Lakini kwanza hakikisheni kuna chawa hai. Maganda meupe ya mayai yaliyosogea mbali na ngozi ya kichwa ni mabaki tu. Lowesheni nywele, mchanue kwa kitana chenye meno yaliyobanana, fungu kwa fungu, kuanzia kwenye ngozi.

Muda unanibana. Mafuta ya taa kichwani, nawasihi, acheni. Yanaunguza ngozi na yanashika moto. Dawa ya kupulizia wadudu, vivyo hivyo.

Na walimu mnaowafukuza watoto darasani: chawa haruki wala hapai, hutambaa kichwa hadi kichwa, na huyu wa kichwani haenezi ugonjwa. Mtoto uliyemgundua leo huenda anao tangu wiki kadhaa. Kumtoa saa nne asubuhi kunamkinga nani? Abaki asome, apakwe jioni, na wote wa nyumbani wakaguliwe usiku huohuo.