Povu Ni Mate Tu: Mazungumzo Kuhusu Kifafa, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Na nyie vijana, habari za mchana. Kabla sijaanza, nani amewahi kuona mtu akianguka kifafa? Karibu wote. Na nani alimshika? Ahaa, mikono imeshuka.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba ukiguswa na povu lake, au akijamba ukiwa karibu, na wewe umekwisha. Povu ni mate tu ambayo ameshindwa kuyameza kwa sababu misuli imekaza. Likiwa na damu, amejing'ata ulimi. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo mno, na kwenye kifafa kundi zima linalipuka kwa pamoja. Sasa hilo utaambukizwaje?

Uoga huu unaunguza watu. Niliwahi kuletewa binti wa miaka 14 kutoka huko juu migombani, vidole vya mkono wa kulia vimegandamana. Alianguka kwenye mafiga akipika makande. Jikoni walikuwapo ndugu watatu, wote wakatoka mbio.

Ungekuwa wewe, mvute mbali na moto, mtilie kanga chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Usimkandamize. Mikono ikiacha kurusha, mgeuze alale ubavu. Kijiko mdomoni hapana, mtamvunja meno. Kiberiti puani hapana, maji hapana. Tazama saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, tafuteni gari, hospitali.

Chanzo je? Wengine ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine malaria kali utotoni, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, au kichwa kilichopigwa lami (bodaboda, vaeni helmeti). Wengi hatujui. Ila kipo kimoja cha huku kwetu: tegu wa nguruwe. Naona kwenye kitimoto mmekaa vizuri. Ukila nyama yenye vijifuko vyeupe kama punje za mchele, haijaiva, unapata mnyoo tumboni. Mnyoo huo unataga, mayai yanatoka na choo chako. Asiyenawa mikono akishika kachumbari, anayeila anameza mayai, na viluwiluwi vinavyoanguliwa humo vinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Kwa hiyo hata jirani yako Mwislamu, ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote, anaweza kupata kifafa cha nguruwe kupitia choo chako.

Tuje kwenye dawa. Fenobabitoni inatibu kifafa tangu 1912, ni ya bei nafuu na mara nyingi humezwa mara moja kwa siku, usiku. Zipo pia karbamazepini na valproeti. Hii ya mwisho inaweza kudhuru mimba, kwa hiyo binti aliyevunja ungo azungumze na daktari kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Lakini hapo wilaya ya Hai tu, utafiti uliona zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kifafa hawakuwa kwenye tiba.

Baba wa yule binti alikuja baada ya miezi mitano, anacheka. "Daktari, amepona, dawa tumezipumzisha." Siku ya tisa akarudi amembeba, ameanguka mara nne tangu alfajiri. Baba, dawa ndiyo iliyokuwa imemzuia! Kwa kawaida tunasubiri angalau miaka 2 bila kuanguka, halafu tunapunguza kidogo kidogo. Kukata ghafla kunaweza kuua.

Mkija kliniki, msimlete mgonjwa peke yake. Yeye hakumbuki chochote. Aje na aliyekuwapo, anieleze ni mkono upi ulianza, macho yaligeukia wapi, ilichukua muda gani. Na kama kuna aliyerekodi kwa simu, hata dakika moja, asiifute.