Damu ya Rubela: Uliza Kwanza Vipele Vilitoka Lini

OMAR: Karibuni, tunazungumza kutoka Amu, yaani Lamu. Bi Mwanaidi, mtoto kaletwa na boti kutoka Kizingitini. Ana homa na vipele, na tezi za nyuma ya masikio zimevimba. Surua au rubela?

MWANAIDI: Kwa macho usiape, kaka Omar. Mtoe damu. Lakini kabla ya sindano muulize mamake vipele vilitoka siku gani, uandike kwenye fomu. IgM, kingamwili ya kwanza mwili kuitoa ukiambukizwa, huchelewa. Siku vipele vinapotoka, karibu nusu ya wenye rubela kipimo huwakosa. Kuanzia siku ya 5 wengi huonekana.

OMAR: Kwa hiyo majibu ya siku ya 1 yakisema hana…

MWANAIDI: Hayajasema lolote! Mtoe tena baada ya siku ya 5. Na tarehe ya chanjo pia iandikwe. Chanjo ya surua-rubela, ambayo Kenya inaitumia tangu 2016, nayo huleta IgM. Bila tarehe hiyo, kinga ya sindano itahesabiwa ugonjwa.

OMAR: Damu kiasi gani?

MWANAIDI: Mililita 5, mtoto mchanga 1 inatosha. Tyubu kavu ya kifuniko chekundu, isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Isimamishe dakika 30 igande, kisha mashine iizungushe kwa dakika 10. Vuta seramu, yale maji ya juu, kwa pipeti, polepole, usiguse donge.

OMAR: Na umeme ukikatika?

MWANAIDI: Isimamishe tyubu kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 8 mpaka donge lijikunje lenyewe, ndipo uvute. Damu ambayo haijatenganishwa usiigandishe kwenye friza hata siku moja: chembe nyekundu hupasuka, seramu ikawa nyekundu kama sharubati. Boti ikipigwa na mawimbi huifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana nasisitiza seramu itenganishwe kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, bara.

OMAR: Wengine huzigandamiza tyubu na barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza.

MWANAIDI: Kosa hilo. Iache nje mpaka ukiitikisa usikie maji ndani.

OMAR: Sampuli ikifika KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, Nairobi?

MWANAIDI: Utaratibu uliozoeleka ni IgM ya surua kwanza. Isipoonekana, ndipo rubela.

OMAR: Mjamzito je?

MWANAIDI: Hapo ndipo pa kutuliza akili, maana rubela ndani ya wiki 12 za mwanzo humdhuru mtoto tumboni hadi mara 9 kati ya 10. IgG, kingamwili inayobaki mwilini muda mrefu, ikiwa yuniti 10 kwa mililita au zaidi kwa kawaida huhesabiwa kinga. IgM peke yake kwa mama asiye na vipele, mimi siiamini. Virusi vingine, parvo B19, au ugonjwa wa baridi yabisi huweza kuidanganya mashine.

OMAR: Utafanyaje?

MWANAIDI: Pima nguvu ya IgG kushika virusi. Ikishika kwa ulegevu, maambukizi ni ya karibuni, ndani ya miezi kama 3 iliyopita. Ikishika barabara, ni ya zamani. Au mtoe damu nyingine baada ya wiki 2 hadi 3, uzipime zote mbili pamoja, siku moja, mashine moja. Basi seramu ya kwanza usiimwage. Iweke kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, na jina na tarehe juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.