Sauti ya MTS haisikiki? Usiipike picha upya

ZUWENA: Leo ni kamkoda. Beni la harusi limerekodiwa Mwanakwerekwe, kadi iko mkononi, kompyuta inafungua picha lakini sauti kimya. Khamis, hapo wengi hukimbilia kubadilisha faili.

KHAMIS: Na hapo ndipo wanapoharibu, Bi Zuwena. MTS ni faili la AVCHD, mfumo wa kurekodi wa kamkoda ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Picha ndani yake imebanwa kwa H.264, sauti kwa kawaida imebanwa kwa AC-3. Picha husomeka, AC-3 ndiyo inayokataliwa na baadhi ya programu za kuhariri. Sasa mtu anaitia HandBrake, programu ya kubadilisha video, na HandBrake kila picha inayopita kwake huipika upya, yaani huifungua na kuibana tena. Anakesha akisubiri, ubora unashuka, na kilichokuwa kigonjwa ni sauti tu!

ZUWENA: Afanyeje?

KHAMIS: Abadilishe kasha, yaani aina ya faili linalobeba picha na sauti, picha aiache ilivyo. Kwa FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i beni.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le beni.mov

Picha inahama bila kuguswa, sauti inageuzwa PCM, yaani sauti isiyobanwa. Kwa stirio inakula kama MB 690 kwa saa. Kazi ya dakika chache, kasi ni ya diski yako.

ZUWENA: Lakini wapo wanaolalamika kuwa tarumbeta linaruka kila baada ya dakika 11 hivi.

KHAMIS: Ee, hilo limo kwenye kunakili. Kamera hukata rekodi ndefu, nyingine kila GB 2, nyingine GB 4. Kwa megabiti 24 kwa sekunde, GB 2 ndiyo hizo dakika 11. Mtu akiingia PRIVATE, AVCHD, BDMV mpaka STREAM, akachota MTS tu na kuzipanga mojamoja, kwenye maungio fremu hupotea na sauti hudunda. Nakili folda ya PRIVATE nzima. Programu inayoijua AVCHD itaunganisha yenyewe. Isipojua, unganisha kwa mkono kabla ya ile amri ya kwanza. Kwenye Windows:

copy /b 00003.MTS+00004.MTS beni.MTS

Vipande viwe vya rekodi moja, kwa mpangilio wake.

ZUWENA: Na hiyo /b si pambo.

KHAMIS: Hata! Ukiiacha, Windows huyachukulia mafaili kama maandishi, ikikutana na alama fulani inadhani yamekwisha. Unapata faili fupi.

ZUWENA: Haya, mistari. Mkono wa mpiga ngoma ukienda mbio, ukingo wake unakuwa kama meno ya kitana.

KHAMIS: Hiyo ni 50i. Fremu 25 kwa sekunde, kila moja nusu mbili: mistari ya witiri na ya shufwa, zimepigwa kwa tofauti ya sekunde 1/50. Mkono umeshasogea baina yake. Kuitengeneza kwa yadif, kichujio cha kuondoa meno hayo ndani ya FFmpeg, ni kupika upya, kwa hivyo mimi naiachia programu ya kuhariri. Mradi uweke fremu 25, au 50 ukitaka mwendo laini. Usiweke 30 kwa sababu tu kuna klipu moja ya simu. Beni zima litachechemea.

ZUWENA: Kompyuta ikikwama?

KHAMIS: H.264 ni nzito kwa prosesa. Tengeneza proksi, yaani nakala za muda zilizo rahisi kuhariri, za aina ya ProRes Proxy, kama GB 17 kwa saa kwa fremu 25, uhariri kwa hizo. Wakati wa kutoa video ya mwisho, rudi kwenye beni.mov.