Ukitua Port-au-Prince utaitwa mzungu

Asanteni, karibuni mkae. Yeyote kati yenu, hata awe mweusi tititi, akitua leo Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, ataitwa blan. Neno lilitoka Kifaransa, maana yake mweupe, lakini kwa Mhaiti blan ni mgeni, basi. Na nèg, ambalo kwa Mfaransa ni tusi, kule ni mtu tu: jamaa, bwana fulani.

Naona mnatazamana. Hili lina mizizi. Katiba ya mwaka 1805 ya Dessalines, aliyewaongoza Wahaiti kujikomboa kutoka kwa Wafaransa, ilitamka kwamba Wahaiti wote wataitwa weusi. Wote, na humo walikuwamo Wapolandi walioletwa na jeshi la Napoleon wakapewa uraia. Weusi ukawa uraia.

Lugha nayo ikapita njia hiyohiyo. Wapo, hata Haiti kwenyewe, wanaosema Kikrioli, lugha ya Wahaiti ya kila siku, ni Kifaransa kibovu. Haya, "nilikula" ni mwen te manje. Mwen ni mimi, manje ni kula, na te imekaa katikati kuonyesha wakati uliopita, kama -li- yetu. Ninakula sasa hivi? M ap manje. Kitenzi hakiguswi. Maji ni dlo. Mfaransa husema de l'eau. Masikio ya Kiafrika yakalisikia fungu zima kama neno moja, likabaki hivyo. Sisi tulipokea kitab ya Mwarabu, tukadhani ki- ni kiambishi, tukazaa vitabu. Nani anatuambia tunaongea Kiarabu kibovu?

Linaloniuma ni hili. Tangazo la uhuru la tarehe 1 Januari 1804, pale Gonaïves, liliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wa waliomwaga damu hawakuijua. Kikrioli kilikuja kutangazwa lugha rasmi, sambamba na Kifaransa, katika katiba ya 1987. Miaka 183! Wahaiti wenyewe wana msemo, pale franse pa di lespri: kuongea Kifaransa si kuwa na akili. Lakini serikali ilipoanza kukiingiza Kikrioli madarasani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, waliopinga hawakuwa matajiri peke yao. Wazazi maskini pia walikataa. Kikrioli mtoto anacho tayari nyumbani. Ada wanayojinyima chakula kuilipa ni ya Kifaransa, maana ndicho kinachofungua mlango wa ofisi. Mzazi wa Dar es Salaam anayehangaikia ada ya mchepuo wa Kiingereza hatahitaji kutafsiriwa hapo.