112 Si Namba ya Mhasibu

Asanteni. Naona wale waliokuwepo mwaka jana washaanza kugunaguna, huyu mzee wa kupanga namba za simu za maofisini kaja tena na 112 yake, ile namba ya dharura. Nimekuja nayo ndiyo, na mwakani mkinialika nakuja nayo tena.

Kuna ofisi moja hapa Dar, siitaji, niliitwa kurekebisha simu. Ghorofa tatu. Fundi aliyefunga swichibodi, yaani mtambo wa simu za ofisi, aliwauliza ekstensheni, zile namba fupi za ndani, zianzie ngapi, wakamwambia mia. Bosi akapewa 100 maana bosi lazima atangulie, naibu wake 101, sekretari 102, wakashuka kwa vyeo hivyo hivyo mpaka 112 ikamwangukia mhasibu na hakuna aliyeshtuka. Usiku mmoja mlinzi kasikia harufu ya waya kuungua, kaingia risepsheni, kanyanyua simu, kabonyeza 112. Ikaita! Akashukuru Mungu. Ikaita weee, na huko juu ghorofa ya pili anasikia simu nyingine inalia kwenye ofisi iliyofungwa, anajiambia huyu naye nani anapiga saa hizi. Ni yeye! Anampigia mhasibu aliyelala kwake Mbagala. Bahati yao ilikuwa feni tu imeungua mota.

Utaniambia siku hizi kila mtu ana simu mkononi. Sawa, ya mlinzi ilizima chaji saa nne usiku. Ile ya mezani ndiyo ilikuwa hai.

Na msidhani ni ushamba wetu. Marekani, mji wa Marshall kule Texas, 2013, Kari Hunt kauawa kwenye chumba cha hoteli, mtoto wake wa miaka 9 yupo hapo hapo, anapiga 911, namba ya dharura ya kwao, mara nne haiendi, kisa simu ya hoteli inataka ubonyeze 9 kwanza upate laini ya nje. Mtoto kafundishwa 911, hiyo tisa ya mbele angeijulia wapi? Sheria ilipitishwa 2018, ikaanza kazi Februari 2020, kwamba mitambo mipya iiachie 911 ipite moja kwa moja.

Kwa hiyo kwetu, namba zinazoanza na 1 usiziguse, ziachie 112 na 114 ya zimamoto, na zipite ukibonyeza 9 au usipobonyeza. Tisa ni laini ya nje. Ekstensheni anzia 200 uende zako, bosi akinuna mpe 200.

Sifuri je? Wengi mnampa opareta, halafu mnashangaa dada wa risepsheni anakuwa mkali. Mtu kasahau 9, kabonyeza 0754, ile sifuri tu ishamwita dada, "karibu nikusaidie", jamaa anakata bila hata samahani. Siku nzima hivyo!

Halafu msichanganye urefu, 20 na 201 kwenye ofisi moja, mtambo unakaa kimya sekunde kadhaa unasubiri kama utaongeza tarakimu, watu wanasema simu mbovu. Simu nzima, namba ndo mbovu.

Nilitaka kusema nani apewe namba ya nje ya moja kwa moja na nani afungiwe simu za nje ya nchi ila naona MC anaangalia saa. Mkirudi ofisini tazameni ile karatasi iliyobandikwa pembeni ya simu, 112 ni ya nani. Haya, maswali, na asiniulize mtu mbona hoteli fulani wanatumia 8 badala ya 9 kwa laini ya nje.