Nimechoka Mungu, ila nipo

Bahati: Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale Wakatoliki wa upande wa dada yangu hapa, Tumsifu Yesu Kristo.

Mama Given: Milele amina, Bwana asifiwe sana. Sauti yangu leo mnisamehe, nimetoka zamu ya naiti hospitali asubuhi, nimelala masaa 3, nikaamka kumpikia mtoto na saa 2 kasoro usiku naingia tena. Ndo maana nilimwambia Bahati hili swali, mtu aliyechoshwa na kazi anapata wapi muda wa kusali, tuliongelee leo leo, uchovu wenyewe ukiwa bado mwilini, nisije nikaongea kama mtu aliyetoka likizo.

Bahati: Na mi hili swali nimelibeba muda dada. Sikiliza siku yangu ilivyo. Adhana ya alfajiri ya msikiti wa jirani pale Mbagala ndo alamu yangu, naamka nayo, naoga haraka haraka naingia barabarani, saa 1 tushafungua duka Kariakoo, unasimama kutwa nzima, wateja, mzigo unashuka, unahesabu boksi, unapandisha ghorofani, tunafunga saa 2 usiku, mpaka nipate gari nifike ghetto nile chochote ni saa 4 na nusu. Napiga magoti pale kitandani, nasema Baba wa mbinguni, basi, hapo hapo usingizi umenichukua. Nakuja kushtuka saa 8 usiku magoti yameganda, kichwa kiko kwenye godoro, taa inawaka.

Mama Given: Pole mdogo wangu.

Bahati: Asante dada. Ila kinachoniuma zaidi ni kingine. Mi nimekulia Mwika, Kilimanjaro, mzee wangu ni mzee wa kanisa, na pale nyumbani hamna mtu alishika jembe kabla ya sala. Saa 11 mzee anagonga mlango na fimbo, tunakaa jikoni kwenye moto, wimbo mmoja, somo, halafu anaomba kwa Kichaga, anataja watu wote mpaka ng'ombe anayekaribia kuzaa, ndo tunaenda kwenye kahawa. Sasa ananipigia kila Jumapili, cha kwanza anauliza, umesali? Na mi namjibu ndio baba. Kumbe Jumapili hiyo nzima nilikuwa stoo tunahesabu mzigo. Sijui nimemjibu hivyo mara ngapi. Yani kumdanganya mzee kuhusu sala kunaninyima amani kuliko hata kule kutosali.

Mama Given: Hapo umegusa penyewe. Kwa sababu kazi inakukosesha wiki moja, haya wiki mbili, halafu aibu ndo inakumalizia miezi sita. Unaanza kuona siku ukirudi watakuangalia, utaanzaje hata kusema na Mungu wakati umepotea hivyo. Mi yalinikuta. Nilikaa kama miezi minne sijakanyaga kanisani, wodini tulikuwa wachache, unamaliza naiti unaombwa ubaki kidogo, hicho kidogo ni mpaka mchana. Siku moja nimetoka kazini nikashuka Posta nikasema leo naingia St. Joseph, lile kanisa la Wajerumani linaloangalia bandari, lilianza kujengwa 1897 likamalizika 1902, yale madirisha ya vioo vya rangi nayapenda toka nikiwa mdogo. Nikakaa benchi la mwisho kabisa. Padre akasema Bwana awe nanyi, sijasikia kingine.

Bahati: Ulilala.

Mama Given: Misa nzima. Nimeamka watu wametoka, nina khanga begani si yangu. Pembeni kuna bibi kakaa ananisubiri. Akaniambia mwanangu, nimeona hizo nguo zako nikajua umetoka kukesha na wagonjwa, nikasema asikuguse mtu. Nikaanza kulia Bahati, namwambia bibi nimekuja kusali nimelala. Akanijibu, umelala kwa baba yako, kuna ubaya gani, inuka twende ukanywe chai. Akaninunulia chai na vitumbua viwili pale nje. Sijawahi kumwona tena yule bibi, namuombea mpaka leo na jina lake sikuuliza.

Bahati: Daah. Dada hiyo ni 1 Wafalme 19 kabisa. Eliya katoka Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni watu wote wameona, halafu Yezebeli anatuma ujumbe kwamba kesho nakuua, mtu wa Mungu anakimbia mpaka Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu anasema yatosha, chukua roho yangu. Akalala. Malaika akaja kumgusa, inuka ule, pale kichwani kuna mkate ulioiva kwenye makaa na maji. Akala akalala tena! Na malaika hakumuuliza mbona huombi, mbona umekimbia. Akarudi mara ya pili, inuka ule, safari hii ni kubwa mno kwako. Ndo akapata nguvu za kwenda siku 40 mpaka Horebu, na ile sauti ndogo ya utulivu ameisikia huko, ameshakula, ameshalala.

Mama Given: Mi ile sura nikiisoma namwona yule bibi na khanga yake.

Bahati: Ila dada naomba nikubishie kidogo. Eliya hakubaki pale chini ya mti. Mi naogopa, tukiendelea kusema Mungu anaelewa, Mungu anaelewa, mwisho tunampa makombo. Hata mgeni ukimpakulia ukoko wa chini ya sufuria anajua kabisa kwamba hakutarajiwa.

Mama Given: Sikukatalii. Ndo maana mi niliacha kusubiri lile saa zima la utulivu, maana halikuja, na kila lilivyokuwa halijaja nilikuwa sisali kabisa. Nikaanza na kunawa mikono. Sisi wauguzi tunanawa kutwa, kabla ya mgonjwa, baada ya mgonjwa, na kunawa kwa sabuni inavyotakiwa ni sekunde 40 mpaka 60. Baba Yetu ukiisali taratibu bila kuikimbiza inaingia humo humo. Mwanzoni nilikuwa nasali kama nahesabu sekunde tu, baada ya muda ikabadilika, nikawa nanawa namtaja yule ninayeenda kumgusa, mama wa kitanda cha dirishani, yule mtoto wa kuungua. Kwa hiyo ukisema makombo, kwangu ile ilikuwa chakula chenyewe, maana nilikuwa naye kuliko nilivyokuwa naye miaka ile nilikuwa na muda.

Bahati: Na ile ya kwenye mwendokasi uliyoniambia?

Mama Given: Ehe. Napanda Kimara asubuhi, gari limejaa, mkono mmoja umeshika bomba, kutoa rozari kwenye pochi huwezi. Lakini rozari ina matendo matano, yaani mafungu, Salamu Maria ni 10 kwa kila tendo, na vidole ni 10. Nahesabu kimoja kimoja. Tendo la kwanza mpaka Ubungo, la pili Shekilango, Manzese, Magomeni Mapipa, tukipita Jangwani huwa nipo la tano. Siku foleni ya kupanda ikiwa ndefu naanzia hapo hapo kituoni. Kuna siku nasinzia tendo la tatu, naendelea niliposhtukia.

Bahati: Mi kwenye gari nilikuwa nashika simu. Na hapa niseme ukweli. Wiki iliyopita nilifungua kwenye mipangilio pale panapoonyesha muda unaoutumia, nikakuta masaa 3 na dakika 10 kwa siku. Mi huyu huyu ninayemwambia Mungu sina muda. Nilikaa kimya dada, nililia kidogo. Uchovu ni wa kweli, lile duka linanichosha kweli, ila masaa 3 yalikuwa yangu na niliyatoa mwenyewe.

Mama Given: Na sisi kina mama tuna vikao vya harusi, vikoba, send-off, kitchen party, kila wikiendi unachangia na unakaa mpaka usiku. Vingine mi nimeanza kutuma mchango tu nabaki nyumbani.

Ila Bahati, hapa naomba nisimame kidogo. Sipendi tukilimaliza jambo hili kana kwamba mtu aliyechoka ana kosa siku zote. Kuna watu wamechoshwa. Amri ya Sabato kwenye Kumbukumbu la Torati 5, isome vizuri, inasema na mtumishi wako apumzike kama wewe, hata ng'ombe wako, hata punda. Mungu hakumwambia mtumishi tafuta muda, alimwambia bosi mpe muda. Na hata sheria ya kazi hapa kwetu, ile ya 2004, kazi ya kawaida ni masaa 45 kwa wiki na mtu anatakiwa apate masaa 24 ya mapumziko kila wiki. We Bahati unafanya mangapi?

Bahati: Ukipiga hesabu, 13 kwa siku, siku 6, na Jumapili nyingine tunaitwa stoo.

Mama Given: Sasa unaona. Na wapo mabosi wanakaa kiti cha mbele kanisani huku vijana wao wako stoo, na dada wa kazi wa nyumbani kabaki na mtoto, hajawahi kupewa hata Jumapili moja ya kwenda kusali anakosali yeye. Kama unatusikiliza na una mtu umemwajiri, muda wake wa Mungu umeushika wewe. Mrudishie. Nasema kwa upendo ila nasema.

Bahati: Amina dada. Na kwa asiye na pa kukimbilia, yupo tu kwenye hiyo kazi?

Mama Given: Awaambie wenzake. Mi mwezi ule nilikuwa naiti mfululizo, jumuiya yetu, wale majirani tunaosali pamoja, inakutana Jumamosi asubuhi na mi Jumamosi asubuhi nilikuwa bado nakabidhi wodi. Nikamwandikia mwenyekiti, mama nimechoka, sina hata maneno ya kusali. Jumatano jioni nawaona wanne wanaingia, wamekaa dakika 15, wamesali, mi nimekaa kwenye kochi sijafungua mdomo. Mmoja akaniachia dagaa wamekaangwa. Wakaondoka. Nilienda kazini usiku ule nikiwa nimebebwa.

Bahati: Mi sina jumuiya huku Mbagala, na mi Mlutheri sina rozari.

Mama Given: Vidole si unavyo?

Bahati: Ninavyo vyote.

Mama Given: Basi kesho kwenye gari simu iache mfukoni. Vidole 10, watu 10, mtaje mmoja mmoja kama mzee wako alivyokuwa anataja kule jikoni. Ukisinzia, endelea ulipoishia. Kidole cha kwanza utamweka nani?

Bahati: Mzee. Ila huyo nadhani nimpigie kwanza, leo leo. Nina jambo la kumwambia.

Mama Given: Mpigie. Mi nawahi gari, leo Alhamisi, kwenye rozari ni Matendo ya Mwanga.